Binti wa miaka 3 halali mpaka saa tano usiku, nimechoka

Zabibu Kavu: Wakuu, habari za jioni. Tunakaa Nzuguni hapa Dodoma, kazi nafanyia Mtumba, nyumbani naingia saa moja na kitu. Binti yangu halali. Saa tatu namlaza, saa tatu na robo huyo sebuleni na mto wake kwapani: "Mama, unakula nini?" Mpaka saa tano ndiyo analegea, tena baba yake amzungushe uani na kibaridi hiki cha Juni. Saa kumi na mbili asubuhi kumwamsha aende chekechea ni kilio mpaka majirani wanachungulia. Juzi nilimfokea, nikabaki najuta. Nifanyeje?

Mzee wa Kikuyu: Pole binti yangu. Mchana analala saa ngapi?

Zabibu Kavu: Anayejua ni dada wa kazi, ngoja nimuulize.
Jamani! Eti anamlaza saa kumi ili apate kupika. Anaamka saa kumi na mbili na nusu.

Mzee wa Kikuyu: Jua linazama yeye ndiyo anaamka, usingizi wa saa tatu autoe wapi? Na bado haumtoshi. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 3 hadi 4 apate saa 10 hadi 13, za mchana zikiwemo. Wako: usiku 7, mchana 2 na nusu, jumla 9 na nusu. Akitoka chekechea ale, alale saa saba, saa nane na nusu aamshwe. Dada usimgombeze, naye ana sufuria jikoni.

Baba Mapacha: Na simu je? Kwangu ilikuwa katuni mpaka kitandani. Nilipoanza kuificha saa moja jioni, siku tatu nyumba ilikuwa kama ina msiba. Ya nne wakasahau. Chai ya rangi usiku pia toa, mpe uji.

Zabibu Kavu: Simu ndiyo yaya wangu nikiwa napika, siwezi kudanganya. Sasa nimlaze saa mbili?

Baba Mapacha: Saa mbili ya nini, na wewe unaingia saa moja? Atakuona saa ngapi? Saa tatu inatosha, ila iwe saa tatu kila siku, hata Jumamosi.

Bibi wa Kondoa: Mwanangu, huyo mtoto anakudai, hajakuona tangu asubuhi. Ukiingia weka mkoba, kaa naye chini kidogo kabla hujagusa jiko. Kisha ale, aoge maji ya moto, mswaki, kitandani, taa izimwe, hadithi. Mpangilio usibadilike. Hadithi moja inatosha. Mjukuu wangu namsimulia ile ile ya sungura na fisi, nikiruka neno ananirekebisha. Fisi akikwama tu kwenye uzio, mtoto hayupo.

Zabibu Kavu: MREJESHO. Leo siku ya tisa. Mbili za kwanza zilikuwa moto, ya tano alichungulia sebuleni akarudi mwenyewe. Jana alilala saa tatu na dakika ishirini. Jioni anachambua mchicha na dada, nusu unaishia sakafuni, lakini macho yako wazi. Shida iliyobaki ni baba yake, ndiye mwenye zamu ya hadithi. Juzi binti kanifuata jikoni: "Mama, baba kalala. Fisi ametoka?"