Kivuli juu ya bwawa la kuogelea: neti, pagola au mwavuli mkubwa?

Jongoo_Bustani: Wakuu, habari za jioni. Nina bwawa nyuma ya nyumba, kivuli hakuna hata chembe. Watoto wakitoka majini mabega yamebabuka, na vigae vya ukingoni saa nane mchana havikanyagiki. Nimebaki na machaguo matatu: neti ya kivuli ya kuvutwa kwenye nguzo, pagola (kibanda cha nguzo na paa la mbao zilizoachana), au mwavuli mkubwa wa mguu wa pembeni. Fundi anakuja Jumamosi. Nichukue kipi?

Mpimaji: Mkuu, bwawa lina ukubwa gani? Limeelekea wapi? Kuna ukuta wa kufungia? Upepo je? Hii ni sawa na kumwambia fundi cherehani ashone suruali bila kumpa kiuno.

Mama Pacha: Neti, usijisumbue. Yangu ni ya kufumwa, mwaka wa sita huu. Hewa ya moto inapenya inapanda zake juu. Ila kona zisiwe usawa mmoja: mbili za mshazari ziwe juu, mbili chini. Ikiwa bapa itapigapiga na upepo mpaka ichanike.

Kobe Mzee: Neti sawa, lakini sikieni yangu. Tamaa ilinifanya nichukue turubai lisilopitisha maji, nikasema nitakinga jua na mvua kwa mpigo. Fundi akafunga kona mbili kwa boliti kwenye ukuta wa nyumba, mbili kwenye nguzo za bomba. Akalivuta likawa bapa kama meza, nami nikamsifu. Mvua ya kwanza ya maana ikaja usiku. Nachungulia dirishani, tumbo limening'inia katikati, karibu liguse bwawa. Nikatoka na ufagio nilisukume kwa mpini. Hapo ndipo nilipokosea. Maji yote yakahamia upande wa ukuta, boliti ikachomoka na pande la plasta ukubwa wa sinia, nguzo moja ikalala. Hesabu nilikuja kuipiga asubuhi: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, yaani kilo 1. Turubai mita 20 za mraba, mvua milimita 20, hizo ni kilo 400. Nilikuwa nimetundika ng'ombe kwenye plasta.

Fundi Nguzo: Pole mzee. Turubai halina kosa, kosa ni mteremko. Na boliti ishike zege, siyo plasta. Nguzo ziinamie nje kidogo, kinyume na mvuto, zizame mita 1 hivi kwenye zege, zaidi kama udongo ni tifutifu. Skrubu na minyororo iwe ya chuma kisichoshika kutu, klorini haina huruma.

Klorini_Kidogo: Mbona hakuna aliyetaja faida kubwa? Jua linakula klorini. Maji yasiyo na kiimarishi, ile dawa ya kuikinga klorini na jua, jua kali linamaliza sehemu kubwa ndani ya saa chache. Chini ya kivuli dawa inadumu, na mwani unakosa mwanga.

Mpimaji: Kiimarishi kinafanya kazi hiyo bila kuchimba shimo hata moja.

Klorini_Kidogo: Na kikizidi klorini inazubaa, dawa yake ni kumwaga maji uanze upya. Halafu kiimarishi kinakinga mabega ya watoto?

Mama Pacha: Haya, mtu kauliza kivuli nyie mko maabara.

Jongoo_Bustani: Samahani, nilitoka kidogo. Bwawa ni mita 8 kwa 4, urefu kaskazini-kusini. Magharibi kuna ukuta mzuri tu, nilitaka nifunge hapo. Jioni upepo upo. Na je, nikipanda mti?

Kobe Mzee: Mti! Utaopoa majani kwenye kichujio kila asubuhi, na mizizi itakutafutia nyufa.

Fundi Nguzo: Mwavuli mmoja kwa mita 8 hautoshi, na kwa upepo huo utaukuta ndani ya maji. Ila neti usiipige katikati. Saa tisa alasiri jua liko magharibi, kivuli kinaangukia mashariki ya neti, kwenye vigae. Isogeze magharibi na kona za upande huo ziwe chini. Kabla hujachimba, inueni shuka kwa miti miwili saa hiyo muone kivuli kinalala wapi.

Mama Pacha: Fundi, kona mbili za upande mmoja zikiwa chini mshazari wangu uko wapi?

Fundi Nguzo: Moja chini sana, moja chini kiasi, mama.

Jongoo_Bustani: Nimetoka kuukagua ule ukuta. Kumbe ni wa jirani.

Mpimaji: Mwambie fundi asije Jumamosi.

Kobe Mzee: Jirani mwenyewe anaogelea?