Mliosomea mawasiliano chuo kikuu, tupeane uzoefu: lini mlijua si kozi ya kupiga domo?

Kalamu Butu (mwanzisha uzi):
Wakuu, mdogo wangu kachaguliwa kusomea mawasiliano na jamii, na mzee nyumbani kamshikia bango: "Yaani uende chuo kujifunza kuongea?" Na mimi niliulizwa hivyo hivyo enzi zangu, nikabaki kukodoa macho. Leteni visa. Nadharia za kukariri tunazo za kutosha.

Naanza. Wiki ya pili ya mwaka wa kwanza mhadhiri alimpa mwenzetu karatasi yenye mchoro: mraba, pembetatu mbili zimegusana ncha, duara pembeni. Akamsimamisha ametupa mgongo atuelekeze, sisi tuchore bila kuuliza chochote. Jamaa alikuwa msemaji hodari, kiongozi wa darasa. Tulipofunua madaftari, wangu ulikuwa kama nyumba iliyobomoka, wa jirani yangu samaki. Tukarudia, safari hii maswali ruksa. Tulichelewa sana, lakini karibu wote tulipatia. Ndipo mhadhiri akachora ubaoni ule mchoro wa Wamarekani Shannon na Weaver wa jinsi ujumbe unavyosafiri, chanzo mpaka kipokezi, na kelele katikati. Akauliza, "Maswali yenu yamekaa wapi hapa?" Hayapo. Kila kitu kinakwenda upande mmoja.

Fundi Mtambo:
Mwacheni Shannon wetu! Mimi nimesomea uhandisi, hilo somo lenu nililichukua la ziada. Makala yake ya 1948 ilihusu kupitisha ishara zifike bila kuharibika, na alisema wazi kabisa kwamba maana ya ujumbe haihusiani na tatizo la kihandisi. Weaver ndiye aliyeipigia debe kwa watu wa nje, kwenye kitabu cha 1949. Mmeazima bomba letu halafu mnalalamika halijui ladha ya maji.

Rula ya Mbao:
😂 Fundi kaua.

Kwangu ilikuwa tasnifu. Mnaikumbuka kazi ya McCombs na Shaw, wale watafiti wa vyombo vya habari: wapigakura 100 wa Chapel Hill ambao hawajaamua, uchaguzi wa Marekani wa 1968. Waliwauliza masuala gani ni makubwa, wakalinganisha na yaliyopewa nafasi kwenye vyombo vya habari, na mpangilio ukakaribiana mno. Matokeo yakatoka 1972. Nikajisemea, hii ni kuhesabu tu, nitaimaliza kwa mwezi.

Nikajichimbia maktaba na magazeti ya miezi miwili, rula mkononi, napima sentimita za kila safu, vidole vyeusi kwa wino. Rula haikunisumbua. Kilichonisumbua ni habari moja ya mafuriko ambamo kiongozi kasimama kwenye matope anaahidi daraja. Mimi nikaiandika "maafa". Mwenzangu aliyekuwa akinisaidia kuainisha akaiandika "siasa". Tulibishana mpaka mkutubi akatutoa nje. Tulipolinganisha majedwali yetu, tulikuwa tumepishana ovyo ovyo, ikabidi tuandike upya kanuni za kuainisha na kurudia kila ukurasa tangu wa kwanza. Siku hizi mtu akiniambia "magazeti yote yanaandika siasa tu", namuuliza nani kahesabu, na habari ya mafuriko kaiweka fungu gani.

Mama Semina:
Changu kinaniaibisha hadi leo. Tulikuwa fildi, upande wa afya. Tukabuni karatasi ya maelekezo kwa wagonjwa wasiojua kusoma: kidonge kando ya jua, kidonge kando ya mwezi. Maana yake asubuhi na usiku. Tukajipongeza, tukachapisha lundo zima.

Wiki iliyofuata mama mmoja karudi, nusu ya vidonge bado imo kwenye pakiti. Namuuliza, mbona hukumeza vyote? Akaweka kidole kwenye lile jua. "Mwanangu, wiki nzima mawingu."

Nilitaka kucheka, kumbe wa kuchekwa ni mimi. Alichosoma ndicho tulichochora. Hatukuwa tumemwonyesha hata mgonjwa mmoja kabla ya kuchapa! Na Stuart Hall, yule msomi wa utamaduni na vyombo vya habari, alishaandika tangu 1973 kwamba mpokeaji naye huufasiri ujumbe kwa namna yake. Swali hilo nililijibu kwenye mtihani nikapata A. Karatasi tukazitupa. Mtoa dawa akaanza kumwomba kila mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe atamezaje, kabla hajaondoka dirishani.

Sikio la Kukodi:
Nyie mna bahati. Mimi digrii imenifikisha kwenye simu za malalamiko, natukanwa kutwa. Nilichobaki nacho ni kimoja: anayefoka mwache amalize, mrudishie alichosema kwa kifupi, ndipo umjibu. Wengi hupoa. Mshahara ndio haupandi.

Mgeni Mlangoni:
Samahani wakubwa, hesabu zipo? Mimi nazikimbia.

Rula ya Mbao:
Takwimu ipo, na kwetu ndiyo iliyoacha wengi na sapu, yaani mtihani wa marudio. Usikimbie, utakutana nayo mbele.

Kalamu Butu:
Nimemsomea dogo kisa cha Mama Semina kwa sauti. Mzee alikuwa pembeni anajifanya hasikii. Kimya kidogo, mara kauliza, "Sasa walitakiwa wachore nini?" Dogo kasema jogoo kwa asubuhi. Mzee kasema jogoo wengine huwika usiku wa manane. Wamechukua karatasi, wanachora hadi sasa hivi.