Tupeane uzoefu: ulipoambiwa "upelelezi bado unaendelea"

Kidagaa: Leo nimepita kituo kimoja cha polisi nikaona benchi lile lile la mbao pale kaunta, moyo ukaenda mbio. Mwaka 2019 niliibiwa bodaboda. Mwizi namjua, chombo najua kilipo. RB, ile namba ya taarifa yangu, nikapewa, halafu mpelelezi: "Gari haina mafuta, unatusaidiaje?" Nikatoa elfu thelathini. Jamaa akakamatwa mchana, jioni namkuta kijiweni anatafuna mihogo. Akanipungia mkono!

Mama Twins: Hayo mafuta nani hajayalipia humu?

Sululu: Mimi nilikuwa upande wa pili. Ijumaa jioni nafunga duka, wakaja: simu uliyonunua ni ya wizi. Wanajua kwa nini Ijumaa. Mkanda na viatu vikaingia kwenye mfuko wa rambo. Lokapu tuko kumi na saba, nililala nimekaa, ndoo ya haja ipo hapa ubavuni. Nikamwambia afande sheria inataka nifike mahakamani ndani ya saa 24. Akasema, "Saa anahesabu mwenye ufunguo." Jumatatu mke wangu akaonana na mpelelezi nje, kwenye mwembe. Dakika kumi tu. Mpelelezi akarudi, akachana maelezo yangu ya onyo, yale niliyoandikishwa kama mtuhumiwa, vipande vinne, akavuta karatasi mpya. Nikatoka pale shahidi wa serikali.

Kidagaa: Shahidi 😂😂

Ngosha: Kwa hiyo mlihonga. Unalalamika nini?

Sululu: Kalale na ile ndoo siku tatu, ndiyo uje na uadilifu wako.

Karani Mstaafu: Vijana, wapo waliofikishwa kizimbani. Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi Dar es Salaam, na polisi wenzake walishtakiwa kwa wale wafanyabiashara watatu wa madini na dereva teksi, waliouawa 2006 msitu wa Pande.

Ngosha: Wakaachiwa 2009, mzee.

Karani Mstaafu: Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja wao, Bageni, 2016, kunyongwa. Soma mpaka mwisho.

Ngosha: Mmoja. Miaka kumi.

Mama Twins: Turudi kwenye mada. Dhamana ni bure, ukidaiwa hela omba risiti.

Kidagaa: Omba risiti upewe kosa la pili.

Karani Mstaafu: Panda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, ukikwama nenda kwa RCO, mkuu wa upelelezi wa mkoa. Ukiombwa rushwa, piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, 113.

Mama Twins: Au uwe na shemeji polisi, yanaisha kwa simu moja.

Ngosha: Sululu, na ile simu je?

Sululu: Ilibaki kielelezo. Juzi nimemwona nayo afande, kaiwekea kava jipya.