Mliouziwa bima ya mkopo bila kuitaka huku Uingereza, barua ya malalamiko mliiandikaje? Tupeane uzoefu

Mama Tatu
Habarini ndugu zangu. Jana mtoto wa dada yangu kaniletea makaratasi ya gari alilochukua kwa mkopo, nimpitishie macho. Karatasi ya tatu, chini kabisa, nikakuta bima ya GAP, pauni 399, imeingizwa humohumo ndani ya mkopo. Ni ile inayofidia tofauti kati ya deni na thamani ya gari likiibwa au likiharibika kabisa. Namuuliza, "Hii uliomba?" Ananijibu, "Mama mdogo, yule kaka alisema inakuja na gari."

Nilihisi damu imepanda kichwani. Maneno hayohayo niliambiwa mimi mwaka 2006 nilipokopa pauni 7,000. Juu yake wakapachika PPI, bima ya kukulipia mkopo ukiugua au ukikosa kazi, ya pauni 1,600 kwa mkupuo, nikailipia riba miaka mitano. Kisanduku cha kukubali bima kilikuwa na X ya mashine kabla sijashika kalamu. Na mimi nilikuwa mwajiriwa wa hospitali ya NHS, nikiugua nalipwa mshahara. Bima ya nini tena?

Nililalamika 2012. Barua ya kwanza wakaikataa, ya pili wakanilipa. Mkopo uleule, benki ileile, kilichobadilika ni maandishi tu. Sasa nataka kijana aandike barua ya maana mara moja. Mliopita huko, mlisemaje?

Binti wa Pwani
Hiyo X ya mashine! Hata yangu ilikuwa nayo.

Mzee Dereva
Mama Tatu umegusa donda.

Mimi nilikuwa naendesha teksi, nikakopa 2007. Yule kijana wa benki nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba mgongo unanisumbua. Akasema ndiyo maana nahitaji bima, nikilala kitandani wao watalipa. Nikamshukuru, hata mkono nikampa.

Mwaka uliofuata mgongo ulikatika nikiwa jikoni. Nilianguka sakafuni, kugeuka siwezi, mke wangu yuko kazini. Simu ilikuwa mfukoni. Baada ya kumwambia mke wangu, nikawapigia watu wa bima nikiwa nimelala palepale, maana siku ya marejesho ilikuwa karibu na hofu yangu yote ilikuwa deni. Dada mmoja akapokea, mpole kabisa. Akaniuliza: kabla ya kukata bima, uliwahi kumwona daktari kwa ajili ya mgongo? Nikasema ndiyo, na kijana wenu nilimwambia. Akanyamaza, nasikia anabonyeza kompyuta. Akasema tatizo lililokuwepo kabla halilipiwi, pole sana. Birika linachemka juu yangu, nalisikia linajizima, na mimi nipo chini naangalia uvungu wa kabati. Sitasahau uvungu ule.

Gari niliuza. Bima nikaendelea kuilipa, kwa sababu ilikuwa ndani ya mkopo.

2013 nikaandika kurasa nne za hasira. Wakanijibu kwa aya mbili: hatuoni kosa. Nikapeleka kwa Financial Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko ya wateja dhidi ya mabenki na bima. Yule mpelelezi wao hakujali matusi yangu, aliuliza mambo machache tu: uliambiwa bima isichokilipia? Uliambiwa ni hiari? Wakati unasaini ulikuwa na tatizo gani? Nikaenda kwa daktari wangu kuomba kumbukumbu, zikaonyesha nilitibiwa mgongo miezi mitatu kabla ya mkopo. Karatasi hiyo moja ndiyo iliyoshinda kesi, kurasa zangu nne hazikufanya lolote. Ilichukua zaidi ya mwaka lakini walilipa.

Kisiki
Poleni, ila niseme ukweli. Mtu mzima unasaini bila kusoma halafu baadaye unadai? Mimi nilisoma, nikakataa, na mkopo nikapewa.

Muuguzi Usiku
Kisiki, wewe uliachiwa ukatae. Wengine tuliambiwa bila bima mkopo haupiti. Mabenki yalikwenda mahakamani kupinga utaratibu wa kushughulikia malalamiko haya, yakashindwa Aprili 2011, na mwezi uliofuata yakaachana na rufaa. Zaidi ya pauni bilioni 38 zimerudishwa kwa watu. Wote hao hawakujua kusoma?

Kisiki
Sijasema hawajui. Nimesema saini ni saini.

Muuguzi Usiku
Na mimi nasema anayeuza bima ana wajibu wa kukwambia isichokilipia. Aliyejiajiri, mwenye ugonjwa wa zamani, mwenye mshahara wa ugonjwa kazini, wote waliuziwa kitu kisichowafaa. Hata waliokubali kwa hiari yao, wengi hawakuambiwa kamisheni. Soma kesi ya Plevin, Mahakama ya Juu, 2014. Mama Plevin alilipa bima na asilimia 71.8 ya pesa hiyo ikaishia kwenye kamisheni, neno hakuambiwa.

Nuru ya Asubuhi
Nimesoma kimya kimya, naomba na mimi niseme.

Mume wangu alifariki 2015. 2018 rafiki akaniambia msimamizi wa mirathi anaweza kudai PPI ya marehemu. Nilijua mkopo mmoja tu, wa kochi na friji. Nikaandikia benki, nikaambatanisha cheti cha kifo na hati ya mirathi, nikaomba orodha ya mikopo yake yote. Jibu likaja: mikopo mitatu.

Nilikaa kwenye ngazi na ile barua mpaka watoto wakarudi shule. Mkopo wa pili 2004, wa tatu 2007, yote ilikuwa na bima. Miaka ile aliniambia hakuna hela ya likizo, hakuna hela ya koti. Niliwaza yote mnayoyawaza.

Binti wa Pwani
Dada usituache hapo, endelea.

Chuma cha Pua
Mwanamke mwingine. Nimeshaona mengi.

Nuru ya Asubuhi
Nilimpigia wifi yangu kwa ukali kabisa. Kumbe mikopo yote miwili ilikuwa ada yake ya uuguzi. Kaka yake alimwapisha asiniambie, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nasema ndugu zake wanatumaliza. Wifi alilia kwenye simu, na mimi nikalia.

Bima za mikopo yote mitatu zilirudishwa. Za ile miwili nilimtumia wifi.

Binti wa Pwani
Mungu amlaze pema. Nimesimama jikoni sijui hata nilichokuja kufanya.

Chuma cha Pua
Dada nisamehe kwa neno langu la juu.

Mzee Dereva
Huyo alikuwa mwanaume.

Jirani wa Juu
Pole sana dada. Kwa Mama Tatu: mpe kampuni za madai, wanajua lugha, wewe unakaa nyumbani.

Muuguzi Usiku
Usithubutu! Mimi walinikata robo ya pesa niliyorudishiwa na VAT juu. Ukomo wa ada yao wa asilimia 20 kwa madai ya PPI ulikuja Julai 2018, mimi nilishaliwa. Kazi yao yote ilikuwa kujaza fomu ambayo ningeijaza mwenyewe. Ombudsman ni bure.

Jirani wa Juu
Kwa asiyejua kuandika Kiingereza, robo si neno.

Muuguzi Usiku
Aombe mtoto wake amwandikie!

Baba Ntilie
Mimi sikuandika chochote, nilipiga simu. Lalamiko la mdomo nalo wanalazimika kulipokea. Andika tu jina la uliyeongea naye na saa.

Mzee Dereva
Hapana, andika. Ya simu wataisimulia wanavyotaka wao.

Chuma cha Pua
Hivi PPI ya zamani bado inadaiwa? Nina moja ya 2003.

Muuguzi Usiku
Mlango wa malalamiko ya kawaida ulifungwa 29 Agosti 2019. Lile tangazo la kichwa cha Arnold Schwarzenegger lilikuwa linahimiza watu wadai kabla ya tarehe hiyo. Ila hiyo ya kijana wa Mama Tatu ni bima nyingine, haiguswi na tarehe ile.

Baba Ntilie
Mama Tatu, hiyo GAP alisaini lini ukilinganisha na gari? Tangu Septemba 2015 muuza gari haruhusiwi kumuuzia mtu GAP siku ileile anayompa maelezo. Zinatakiwa zipite siku mbili kamili, au mteja mwenyewe aombe kuanzia kesho yake.

Mama Tatu
Baba Ntilie Mungu akubariki. Nimeangalia sasa hivi. Karatasi ya maelezo ya bima na mkataba wa gari vina tarehe moja, Jumamosi, na kijana aliondoka na gari mchana uleule.

Nuru, nitakuandikia pembeni, nimekusoma mara mbili.

Barua nimeikata mpaka ukurasa mmoja. Inaanza na namba ya mkataba na neno "lalamiko" juu kabisa, maana ile yangu ya 2012 ya kwanza ilianza na salamu na historia ya maisha. Halafu hivi: "Tarehe hiyo niliambiwa bima inakuja na gari. Sikuambiwa ni hiari. Nilipewa maelezo na kuuziwa siku moja. Naomba pauni 399 zirudishwe, riba niliyotozwa juu yake, na riba ya fidia kwa pesa niliyokwishalipa. Msiponipa jibu la mwisho ndani ya wiki 8 nitakwenda kwa Financial Ombudsman." Vielelezo vimebanwa nyuma.

Mzee Dereva
Safi. Wakikataa ana miezi 6 tangu tarehe ya jibu lao, asije akailaza kwenye droo.

Kisiki
Mwambie aandike na jina la aliyemuuzia kama analikumbuka. Watauliza.

Mama Tatu
Analo, lipo kwenye kadi ya biashara. Asante Kisiki.

Mzee Dereva
Na akatume kwa posta ambayo mpokeaji anasaini, risiti aipige picha papo hapo kaunta. Yangu ilifutika maandishi mfukoni.