Naomba ushauri: chumba cha kusikilizia muziki kinanguruma, na bajeti yangu ni ndogo

Mpenda Santuri (Tanga): Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimetenga chumba cha meta 4 kwa 3, chenye kuta za tofali za saruji, sakafu ya vigae na dari ya gipsamu, kwa ajili ya kusikilizia taarabu na muziki wa dansi. Spika zangu ni nzuri, lakini humu ndani maneno ya waimbaji humezwa na mwangwi, na baadhi ya noti za gitaa la besi hunguruma kupita kiasi ilhali nyingine hazisikiki kabisa. Nimeambiwa nibandike trei za mayai ukutani. Je, zinafaa?

Fundi Spika: Mkuu, trei za mayai ziache. Ni nyembamba mno, kwa hiyo hupunguza kidogo sauti kali za juu tu, na besi itabaki ilivyo. Sponji nyembamba nayo ina kasoro hiyo hiyo. Kinachonyonya sauti nzito ni unene, kuanzia sentimeta 10 na kuendelea, na ukiacha nafasi kati ya kitu hicho kinene na ukuta utapata faida zaidi bila kuongeza gharama. Kwa kuwa uko Pwani, tafuta sufi au makumbi, ushone mito minene, uisimamishe kwenye pembe za chumba, kwa sababu huko ndiko mgandamizo wa besi unakokusanyika. Usiiweke karibu na soketi wala nyaya, maana sufi hushika moto upesi.

Mwalimu wa Fizikia: Kabla ya kununua chochote, sogeza kiti. Sauti husafiri takriban meta 343 kwa sekunde, na ukigawanya kwa mara mbili ya urefu wa chumba chako utapata hezi 43 (yaani mitetemo 43 kwa sekunde), sauti ambayo chumba chenyewe huivumisha, nayo iko karibu sana na noti ya chini kabisa ya gitaa la besi, yenye hezi 41. Ukikaa katikati kabisa ya urefu huo, sauti ya hezi 43 hufifia. Ukiegemea ukuta wa nyuma, huzidi. Anza kwa kukaa kama meta 1.5 kutoka ukuta wa nyuma, kisha sogea kidogo kidogo huku santuri ikicheza.

Kuhusu mwangwi, Wallace Sabine, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani, alipopewa mwaka 1895 kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo maneno hayakueleweka, alihamishia humo mito ya viti vya ukumbi mwingine na kupima muda ambao sauti ilichukua kufifia. Naona inatia moyo sana kwamba elimu nzima ya akustika ya vyumba, yaani ya jinsi sauti inavyoenea ndani ya vyumba, ilianzia kwenye mito ya kukalia.

Mama Zulia: Tandika zulia nene kati ya spika na kiti. Kisha keti, mwombe mtu atembeze kioo kwenye ukuta wa pembeni, na pale utakapoiona spika ndani ya kioo ndipo pa kutundika pazia zito lenye mikunjo mingi.

Mpenda Santuri: Nashukuru sana. Chumba hiki hulaza wageni pia. Je, kitanda nikitoe?

Fundi Spika: Kibakishe, mkuu. Godoro nene ni msaada mkubwa ambao umekwisha kuulipia. Lisogeze nyuma ya kiti chako, kisha anza na mito ya pembe mbili zilizo nyuma ya spika.