Maabara inafungwa saa tisa na nusu, projekti tukafanyie wapi?

mkaa_hosteli:
Mbukwenyi wakuu. Niko mwaka wa tatu, chuo kimoja hapa Dodoma sikitaji. Projekti yangu ni pampu ya kumwagilia zabibu, inajiwasha yenyewe udongo ukikauka, kwenye karatasi iko safi na msimamizi kaipitisha. Shida ni pa kuifanyia. Maabara tunaingia siku ya vitendo tu, benchi moja watu kumi na mbili, mmoja anashika waya wengine tunapiga picha za ripoti, ikifika saa tisa na nusu fundi sanifu anafunga na funguo inaondoka naye. Juzi nikasema bora nijaribie rumu, nikaichomeka pampu moja kwa moja kwenye Arduino, kile kibao kidogo cha kompyuta cha kuendeshea vifaa, ikazunguka kidogo ikanyamaza, halafu ile harufu mnayoijua. 35,000 ya bumu imeungua hivyohivyo naiangalia.

Sasa tuko wanane, wawili wa sanaa, wao wanakata maboksi na kubandika gundi tu, tunataka tuombe chuo kichumba kiwe karakana ya yeyote mwenye wazo. Kwenye barua tumeweka printa ya 3D, mashine ya kukatia ya leza na AC. Tunaanzia kwa nani?

fundi_majengo:
Mdogo wangu ungeuliza kabla ya kuchomeka. Pini ya Arduino Uno usiivute umeme zaidi ya miliampea 20, ikifika 40 unaiua, na pampu hata ile ndogo kabisa inakula mia na kitu. Katikati weka transista au rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo, pampu ipe umeme wake pembeni, halafu dayodi, ile inayopitisha umeme upande mmoja tu, uifunge kinyume kwenye waya za pampu maana mota ikizimwa inarudisha mshtuko. Na hicho kihisi cha udongo kama ni kile cha meno mawili usikiachie umeme kutwa nzima, meno yanalika, kipe umeme pale kinaposoma tu.

Njoo Majengo Jumapili jioni nikishapunguza simu za watu. Meza ipo, pasi ya kuchomelea ipo, soda juu yako.

mshika_funguo:
Nimecheka kwa uchungu, maana mimi ndo hao mafundi sanifu mnaowasema, ila sio chuo chako. Kuna muhula niliwaonea huruma nikawa naacha wazi mpaka saa mbili usiku. Mita za kupimia umeme nilikuwa nazo 12, muhula unaisha zipo 4 na kati ya hizo mbili hazina waya. Barua ya kujieleza niliandikiwa mimi. Sasa mkuu, ungekuwa wewe ungeacha wazi?

dada_wa_areaC:
Futeni hiyo printa. Nilikosoma mimi ilikuwepo, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama TV ya bibi mpaka nahitimu, aliyekuwa anaijua alienda kusoma nje. Nyie mnaomba mashine wakati mlichokosa ni masaa na mtu wa kukaa pale.

Halafu msiwadharau hao wa maboksi. Hiyo Arduino yenyewe ilianzia Italia mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi wa ubunifu wasiojua umeme, ndo maana ni rahisi na ya bei chee. Hata Marekani pale chuo cha teknolojia cha MIT, Neil Gershenfeld alipofungua kozi yake ya kutengeneza vitu mwaka 1998, walijaa mpaka wasanii na wachora ramani za majengo. Kuna kituo kinaitwa Twende kule Arusha, nao wamefundisha watu wa kawaida kabisa kujitengenezea zana, kwa nondo na vyuma vya baiskeli.

Barua iwe fupi, jioni mbili kwa wiki, meza, soketi zinazofanya kazi, na daftari la kusaini kila mita inayotoka. Kitambulisho kinabaki kwa mwenye funguo. Hapo hata huyo kaka wa juu atawaelewa.

mshika_funguo:
Kwa kitambulisho nafungua. Na mmoja wenu afagie, vumbi la Dodoma linaua vifaa kuliko wanafunzi.

mkaa_hosteli:
Mrejesho wakuu. Nilienda Majengo, fundi kanikalisha masaa matatu, waya wa kwanza nimechoma kidole, wa nne ukashika. Pampu inawaka na kuzima kwenye ndoo ya udongo wa Ng'ong'ona, zabibu bado. Soda ziligeuka mbili na chipsi mayai.

Barua tumeandika upya, nusu ukurasa. Fundi sanifu wetu kakubali Jumatano na Ijumaa mpaka saa moja, kwa majaribio, vitambulisho vinane viko kwenye droo yake. Printa tumefuta, jamaa wa leza kanuna mpaka leo.