Lenana na trauti safari moja, tukitokea Malindi: naombeni ushauri

MshipiMrefu: Salaam wakuu. Tuko watatu, wote wa hapa Malindi. Mwezi wa nane, kusi bado linavuma na mashua zimepandishwa, tunataka Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria. Nia yetu ni kilele cha Lenana tu, mita 4,985. Vilele vya Batian na Nelion tunawaachia wapandaji wenye kamba. Tunataka pia kuvua trauti, samaki wa maji baridi, kwa nzi wa manyoya, yaani ndoana zilizofungwa manyoya kama mdudu. Mpango: usiku wa kwanza kwenye geti la hifadhi, wa pili kambi ya Mintos, alfajiri yake kileleni, kisha tushuke Ziwa Ellis tuvue siku mbili kwa raha. Tuna rodi namba 9 (namba ni uzito wa mshipi inaoutupa) na mshipi wake wa kuvulia kolekole baharini. Tunakosea wapi?

Kaskazi_Kusi: Mmeigeuza kichwa chini, ndugu yangu. Uvuvi uje kwanza. Nyinyi mmezoea hewa ya pwani. Geti liko karibu mita 2,950 na Mintos imepita 4,200. Kulala huku leo na kule kesho ndiko kunakoleta kichwa cha kupasuka na kutapika. Ukishavuka 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku. Ellis iko kama 3,450, Ziwa Michaelson kama 4,000. Basi laleni getini usiku mmoja, Ellis miwili, Michaelson mmoja, Mintos mmoja, ndipo Lenana. Siku mnazovua ndizo mwili unazozoea hewa, hamjapoteza kitu. Mtu akianza kupepesuka kama mlevi, au akihema hata amekaa, msingoje kukuche. Ashushwe usiku uleule. Habari ya acetazolamide, dawa ya kusaidia mwili kuzoea hewa ya juu, mwulizeni daktari kabla ya safari, na msidhani ukiimeza umepewa ruhusa ya kupanda mbio.

BintiShela: Hiyo namba 9 iacheni nyumbani, na mshipi wake zaidi. Mshipi wa bahari ya joto una kiini kigumu ili usilegee juani. Ukiingia maji baridi unajikunja kama springi, hautaki kupita kwenye pete za rodi, na kila mtupo unaanguka miguuni pako. Tafuteni rodi namba 5 ya futi 9, mshipi unaoelea wa maji baridi, na nailoni ya mwisho 4X au 5X (namba ikizidi, nailoni ni nyembamba zaidi). Nzi wachache tu: Woolly Bugger mweusi na wa kijani wa ndoana namba 8 na 10, Mrs Simpson, na nimfu (nzi wa mfano wa mabuu wa majini) wadogo namba 14. Ule mwiba wa ndani wa ndoana ubaneni kwa koleo, samaki atoke bila kuchanika.

Sasa mkono. Kolekole unamkaza kwa kuvuta mshipi kwa nguvu. Trauti ukimfanyia hivyo kwenye 5X, inayokatika kwa kilo mbili na kitu, utabaki na nailoni inapepea. Akigusa, inua ncha ya rodi tu. Tupa, hesabu hadi kumi nzi azame, vuta kidogo kidogo kama upana wa kiganja, tulia, vuta tena. Nyasi za kule zinaota kwa mafungu marefu na zinanasa ndoana nyuma yako, kwa hiyo jifunzeni mtupo wa kuviringisha, usiohitaji mshipi kurudi nyuma. Na msiingie majini. Mkilowa magotini jioni, usiku ni wa baridi ya kuganda.

MshipiMrefu: Shukran dada. Chakula je? Tulipanga maharagwe na wali wa nazi.

Jiko_la_Safari: Maharagwe sahau. Mintos maji yanachemka kwenye nyuzi 86 hivi, utamaliza gesi na punje bado ngumu kama kokoto. Bebeni tambi, unga wa uji, dengu nyekundu zilizoparazwa, tende kwa wingi. Wali upikeni Ellis, juu zaidi unabaki na kiini. Kopo la gesi liwe la mchanganyiko wenye propani. La butani tupu baridi ikifika sifuri halitoi kitu. Usiku lala nalo ndani ya mfuko wa kulalia, pamoja na betri.

Kaskazi_Kusi: Na Lenana yenyewe: ondokeni Mintos saa tisa usiku, changarawe ikiwa imeganda. Jua likipiga inalegea, hatua mbili mbele moja nyuma, na mawingu huja kabla ya mchana. Agosti upande wa kaskazini huwa mkavu kuliko Januari, hapo mmebahatika. Kuna sehemu yenye waya wa chuma uliofungwa mwambani. Chukueni mkanda wa kupandia wa kiunoni, helmeti, na kamba fupi mbili zenye karabina, yaani pete za chuma za kujifunga kwenye waya. Kwenye kila kifungio hamisha moja, ya pili ibaki imeshika. Wengi huzifungua zote mbili pamoja kwa sababu glavu nene zinawasumbua, kwa hiyo jaribuni na glavu mkiwa chini. Ada ya KWS, shirika la wanyamapori, lipeni kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, kabla hamjapoteza mtandao, na leseni ya kuvua iulizieni mapema.

MshipiMrefu: Tumebadilisha, Ellis kwanza. Trauti tukimpata, ruhusa kumkaanga?

BintiShela: Hilo waulizeni askari wa getini. Mkimrudisha, lowesheni mikono kwanza. Mkono mkavu unamtoa ute. Mshikeni ndani ya maji hadi apige mkia mwenyewe.